Seva ya kori 64 ilizidiwa na ya kori 16: tatizo lilikuwa keneli, na hivi ndivyo nilivyolipata

#1 mlinzi_wa_zamu

Wakuu, habari za usiku.

Huu uzi niliuahidi siku nyingi, kazi ikanibana. Leo niko zamu na seva zimetulia, acha niandike kabla sijasahau namba.

Mwaka jana ofisini tulipata seva nyingine kwa ajili ya kanzidata. Ile ya zamani ilikuwa na soketi 2 (matundu ya prosesa) na kori 16 jumla, imetumika miaka, na kila mwisho wa mwezi ilikuwa hoi. Mpya ilikuja na prosesa mbili za AMD, EPYC 7502: kila soketi kori 32 na thredi 64 (kila kori hujionyesha kama mbili), kwa hiyo jumla kori 64 na thredi 128. Kwa hesabu ya haraka, kasi mara nne. Tukahamisha PostgreSQL, programu yetu ya kanzidata, Jumamosi usiku. Jumatatu saa 3 asubuhi simu zikaanza kuita, watu wa kaunta wanasema mfumo umekuwa mzito kuliko ule wa mwanzo. Nafungua `top`, naona mashine ina nafasi tele, na bado ombi dogo la kusoma salio linasuasua. Mkuu wangu wa kazi akauliza swali moja tu: "Sasa hela yote hii tumenunua nini?"

Sikuwa na jibu, na iliniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika lile ombi la manunuzi.

Amri ya kwanza niliyopiga ni `nproc`. Ikajibu 64. Nikaridhika, si kori ni 64? Hapo nilipoteza siku nzima. `nproc` haihesabu kori, inahesabu thredi, na thredi zilitakiwa kuwa 128. Nusu ya mashine haikuwepo na mimi nimeipigia saluti. Siku ya pili ndipo nikasoma `dmesg` (ujumbe wa mfumo tangu kuwaka) kuanzia mstari wa juu kabisa, taratibu, na huu hapa ukanikodolea macho:

`smpboot: 128 Processors exceeds NR_CPUS limit of 64`

Keneli, yaani kiini cha Linux, ilikuwa 4.15, tuliijenga wenyewe mwaka 2018 kwa ajili ya ile seva ya zamani. Katika `.config`, faili la mipangilio ya kuijenga, kikomo cha thredi tulikiacha `CONFIG_NR_CPUS=64`, ambayo ndiyo thamani ya kawaida ya x86 ya biti 64 usipogusa kitu. Seva ya zamani ilikuwa na thredi 32, kwa hiyo 64 ilionekana kubwa mno. Tukahamisha diski na keneli yake kama zilivyo. Keneli ilipofika thredi ya 64 ikafunga hesabu, zilizobaki ikaziacha zimelala. Haigomi kuwaka, inaandika mstari mmoja na kuendelea na safari.

Nikapandisha namba, nikakompaili, nikawasha upya. `nproc` ikasema 128. Nikashusha pumzi.

Jumanne mfumo ukawa mzito vilevile.

Naendelea kwenye posti inayofuata.

#2 kamba_ya_nanga

Naweka kambi hapa mkuu. Sisi tuna moja yenye thredi 256 na sijawahi hata kuangalia hiyo namba. Shusha nondo.

#3 mlinzi_wa_zamu

Karibu mkuu. Kaangalie sasa hivi, ni mstari mmoja:

`grep NR_CPUS /boot/config-$(uname -r)`

Kama unatumia keneli ya kifurushi ya Ubuntu au RHEL utakuta 8192, uko salama. Hatari iko kwa sisi tuliojenga zetu.

Sasa sehemu ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya niandike uzi.

Seva yenye soketi mbili si kompyuta moja kubwa. Ni kompyuta mbili zilizounganishwa kwa barabara. Kila soketi ina RAM yake iliyochomekwa pembeni yake. Kori ya soketi 0 ikitaka kitu kilichoko kwenye RAM ya soketi 1 inakipata, lakini lazima kivuke barabara. Huu mpangilio ndio NUMA, na kila upande huitwa nodi. Piga `numactl -H` uone mwenyewe. Kwangu mwisho wa jibu ulikuwa hivi:

```
node distances:
node   0   1
  0:  10  32
  1:  32  10
```

10 ni nyumbani, 32 ni kwa jirani ng'ambo ya barabara. Hizi si nanosekunde, ni uwiano ambao BIOS (programu ya kuwashia mashine) inaukabidhi kwa keneli ili ijue kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Naomba muikumbuke hiyo 32.

Nikaendesha `mpstat -N ALL 1` nikaiangalia kama nusu saa. Nodi 0 inachemka, nodi 1 karibu inasinzia. Maombi yakiongezeka, nodi 0 inazidi kuelemewa, na ile nyingine inapokea kidogo, kwa kuchelewa. Kori 32 zinafanya kazi ya kori 64, huku nyingine 32 zimekaa tu.

Kumbukeni PostgreSQL inavyofanya kazi: kila muunganisho mpya, mchakato mama unazaa mchakato mtoto. Anayeamua mtoto akae kwenye kori ipi ni skedyula ya keneli. Kwa kawaida, wakati wa kuzaa, skedyula inatazama mashine nzima na kumpeleka mtoto palipo na nafasi. Lakini ndani ya keneli za zamani kulikuwa na mpaka ulioandikwa kwa mkono unaoitwa `RECLAIM_DISTANCE`, na kwenye x86 thamani yake ni 30. Mpaka huu ulitungwa kwa ajili ya mambo ya memori, skedyula ikaja kuuazima. Nodi mbili zikiwa na umbali unaozidi 30, skedyula ilikuwa inasema: huko ni mbali mno, mtoto atazaliwa na kukaa upande wa mama yake.

EPYC inatangaza 32. Mpaka ni 30. Tofauti ya 2, na nusu ya seva inakuwa pambo.

Ni kweli kuna mzunguko mwingine wa skedyula unaopita kila baada ya muda na kuhamisha kazi kutoka upande uliojaa. Ila programu yetu ilikuwa inafungua muunganisho, inauliza, inafunga. Mtoto anazaliwa na kufa kabla mzunguko haujamfikia. Na yule anayebahatika kuhamishwa anakwenda ng'ambo na kuacha memori yake alikozaliwa, maana ukurasa wa memori hutengwa kwenye nodi ya kori iliyougusa kwanza. Kwa hiyo amehamia kwenye nafasi, lakini kila anachotaka kukisoma kiko ng'ambo.

Marekebisho yaliingia keneli 5.4, iliyotoka Novemba 2019: keneli ikitambua kuwa ipo juu ya EPYC inapandisha mpaka hadi 32. Ni kiraka kidogo sana, ukikisoma utashangaa. Na sisi tulikuwa tumeng'ang'ania 4.15 kwa sababu "inafanya kazi, usiiguse".

Tukaweka Ubuntu 22.04 yenye keneli 5.15 ya kifurushi. Bila kugusa kitu kingine chochote, nodi zote mbili zikaanza kubeba mzigo siku ileile.

#4 binti_wa_seva

Asante kaka, haya ni madini. Nina swali na pingamizi.

Swali: kama 8192 ndiyo ya kifurushi, kwa nini watu husema ushushe NR_CPUS ilingane na mashine yako ili keneli iwe nyepesi? Kila kori si inatengewa nafasi?

Pingamizi: mashine kubwa namna hiyo kwa nini usiigawe kwa mashine pepe? Weka nne, kila moja na kori zake, habari ya NUMA inaisha. Sisi tunafanya hivyo na tunalala vizuri.

#5 mlinzi_wa_zamu

Dada, pingamizi lako nalikubali kwa zaidi ya nusu, acha nianze nalo.

Kama kazi zako ni nyingi na ndogo ndogo, gawa. Ila ugawe kwa kufuata nodi: mashine pepe moja isivuke soketi, na memori yake ifungwe kwenye nodi ileile ya kori zake. Nimeona watu wanagawa mashine pepe nne halafu kila moja inachukua kori kutoka pande zote mbili. Hapo tatizo linabaki lilelile, tofauti ni kwamba sasa limejificha, kwa sababu mfumo ulioko ndani hauoni umbali wowote na hauwezi kujisaidia. Kwetu sisi kanzidata ni moja na haigawanyiki, ndiyo maana ilibidi tupambane na mashine nzima.

Sasa NR_CPUS. Ndani ya keneli, orodha ya kori huwekwa kama mfuatano wa biti, biti moja kwa kila kori. Biti 8192 ni baiti 1024, yaani KB 1 kwa kila orodha. Ingekaa kwenye staki ya keneli (memori yake ya muda ya kazi) ingekuwa shida, maana staki ni ndogo. Ndiyo maana ukiwasha `CONFIG_MAXSMP` inakuja pamoja na `CPUMASK_OFFSTACK`, ambayo huzihamisha orodha hizo nje ya staki. Na zile data za kila kori hutengwa kwa hesabu ya kori ambazo mashine inaweza kuwa nazo kweli, siyo 8192. Kwa hiyo unachookoa kwa kushusha namba ni kidogo, na unachoweza kupoteza umekiona kwenye posti #1. Msimamo wangu: kama si kifaa kidogo chenye RAM ya kuhesabu, acha 8192.

#6 kamba_ya_nanga

Mkuu nimeangalia. NR_CPUS ni 8192 sawasawa, lakini `nproc` inaniambia 255 badala ya 256. Seva ni EPYC mbili za kori 64. Nilidhani ni kawaida!

#7 mlinzi_wa_zamu

Si kawaida mkuu, na umenifurahisha kweli, maana wengi hawatazami kabisa.

Kila thredi ina namba ya utambulisho inayotumiwa kuipelekea interapti (mkatizo wa kuiita ishughulikie jambo). Mfumo wa zamani wa namba hizo, xAPIC, una biti 8 tu. Biti 8 ni namba 0 hadi 255, na ile 255 imetengwa kwa tangazo la kwenda kwa wote. Zinabaki 255. Thredi yako moja imekosa kitambulisho.

Dawa ni x2APIC, yenye namba za biti 32. Ingia BIOS, washa x2APIC na washa IOMMU, kwa sababu zile namba kubwa zinahitaji IOMMU izitafsirie vifaa. Upande wa keneli hakikisha `CONFIG_X86_X2APIC` na `CONFIG_IRQ_REMAP` zipo. Kwenye keneli ya kifurushi zipo, kwa hiyo kwako nashuku BIOS.

Ukiwa humo BIOS, tazama na NPS. Kwenye EPYC hiyo inaamua kila soketi ijitangaze kama nodi ngapi: NPS1 ni moja, NPS2 mbili, NPS4 nne. Kwenye NPS4 mashine ya soketi mbili inakuwa nodi 8, na ndani ya soketi utaona umbali wa 12. Kwa hesabu za kisayansi ambapo kila mchakato unakaa na data yake, NPS4 inalipa. Kwa kanzidata moja kubwa mimi nimebaki NPS1, kwa sababu kadiri unavyoongeza nodi ndivyo unavyoongeza pembe ambazo memori inaweza kuishia wakati kwingine ipo tele.

#8 mtaa_wa_pili

Kuna sehemu mmezunguka. Hata baada ya yote hayo, kori mara nne haziwezi kuleta kasi mara nne. Kaka hapo juu ameanza na hiyo hesabu na hajairekebisha. Mwaka 1967 Gene Amdahl alishalisema hili: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayokupa kikomo.

#9 mlinzi_wa_zamu

Uko sahihi kabisa, na ile hesabu nilistahili kuikosoa mwenyewe. Tuweke namba. Chukua kazi ambayo asilimia 5 lazima ifanywe na mmoja tu. Kwa kori 16 unapata kasi mara 9.1. Kwa kori 64, mara 15.4. Yaani umelipia kori mara nne, kasi imepanda kwa mara 1.7 hivi. Ukiweka kori bila kikomo huvuki mara 20.

Na hiyo asilimia 5 mara nyingi ni kufuli, yaani kinachozuia kori mbili zisiguse data moja kwa pamoja. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo keneli yenyewe ilipopitia safari ndefu.

Linux ilianza kutumia prosesa zaidi ya moja kwenye toleo la 2.0, mwaka 1996. Njia ya haraka ilikuwa kuweka kufuli moja kubwa kwa keneli nzima. Ni kama nyumba ya kupanga yenye familia kumi na ufunguo mmoja wa choo. Prosesa mbili zinavumiliana, nane hazivumiliani. Ilichukua miaka 15 kuliondoa kufuli lile kipande kwa kipande, na mabaki yake yalitoka kwenye 2.6.39, mwaka 2011. Katikati ya safari hiyo iliingia RCU, ambayo inamruhusu msomaji asome bila kushika kufuli lolote, huku mwandishi akiandaa nakala mpya pembeni na kuibadilisha kwa mkupuo.

Lakini hata kufuli dogo lina gharama ukiwa na kori nyingi. Mnaijua foleni ya bomba la maji ambapo kila mtu anasogea kila dakika kuchungulia kama zamu yake imefika? Spinloki za zamani zilikuwa hivyo: kori zote zinachungulia neno moja la memori, na kila mwenye kufuli akiliachia, nakala zote kwenye kache za wenzake zinafutwa na wote wanalivuta upya. Kori zikiongezeka, muda unaliwa na kuchungulia, siyo kuteka maji. Toleo la 4.2, mwaka 2015, lilileta qspinlock: kila anayesubiri anachungulia sehemu yake mwenyewe, na aliyemtangulia ndiye anayemgusa bega.

Mwaka 2010 watafiti wa MIT waliipima Linux kwenye mashine ya kori 48 kwa programu saba. Karibu kila palipokwama waliweza kuparekebisha kwa mabadiliko ya kawaida tu, ndani ya keneli au ndani ya programu yenyewe. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha kutokuilaumu keneli haraka. Mara nyingi kosa ni la programu, au ni letu tuliopanga.

#10 binti_wa_seva

Naomba uguse interapti za kadi ya mtandao. Hapo ndipo mimi niliteseka.

#11 mlinzi_wa_zamu

Na mimi pia dada. Baada ya keneli mpya, `mpstat` ilionyesha kori mbili tatu za nodi 1 zinaungua na nyingine zimepoa. `cat /proc/interrupts` kwenye mashine ya thredi 128 ni mateso, mstari mmoja una safu 128, ilibidi nizichuje kwa jina la kadi. Nikakuta foleni za kadi zote zimerundikana pale.

Angalia kwanza kadi imechomekwa upande upi:

`cat /sys/class/net/eno1/device/numa_node`

Weka jina la kadi yako badala ya `eno1`. Yangu ilijibu 1. Kisha `ethtool -l eno1` ikasema kadi inaweza kufungua foleni 32, sisi tunatumia 4 zilizobaki kutoka kwenye skripti ya seva ya zamani. Nikapandisha kwa `ethtool -L eno1 combined 32`, nikazigawa kori 32 za nodi 1, moja moja. Nusu ya tatizo la ucheleweshaji iliishia pale, na haikuhitaji kukompaili chochote. `irqbalance` inafanya kazi nzuri kwa watu wengi. Mimi niliizima kwa kadi hii tu, kwa sababu nilitaka foleni zisivuke soketi.

#12 kamba_ya_nanga

x2APIC ilikuwa imezimwa kweli mkuu. Sasa 256. Mungu akubariki.

Je, HZ na ile `nohz_full`? Nimeona mtu anashauri uweke kwenye kila seva yenye kori nyingi. Na `mitigations=off` je?

#13 mlinzi_wa_zamu

HZ ni mara ngapi kwa sekunde kila kori inakatizwa na saa ya keneli. Ukiweka 1000 na thredi 128 zote ziko kazini, hiyo ni mikatizo 128,000 kwa sekunde. Ukiweka 250 ni 32,000. Kori isiyo na kazi haikatizwi, kwa hiyo usitishwe sana na namba hizi. Kwenye seva ya kanzidata 250 inatosha na sijawahi kujuta.

`nohz_full` inazima ule mkatizo hata kori ikiwa kazini, lakini sharti lake ni kwamba kori iwe na kazi moja tu. Imetengenezewa watu wanaochakata pakiti au hesabu ndefu, mchakato mmoja umeikalia kori saa nzima. PostgreSQL yenye mamia ya miunganisho haitimizi sharti hilo, na unalipia gharama kila mchakato unapoingia na kutoka kwenye keneli. Yeyote anayekushauri uiweke kila mahali hajaipima.

`mitigations=off`: usifanye. Ile inazima kinga zote za udhaifu wa prosesa uliotangazwa tangu 2018. Seva ina taarifa za watu na nywila zao. Kama mashine imefungiwa maabara na haina mgeni, sawa. Kwingine kote, kasi hiyo umeikopa kwa dhamana ya vitu vya watu wengine.

Kitu ambacho nitawahimiza mkifanye ni kurasa kubwa za memori. Tupige hesabu. `shared_buffers` yangu (memori ya pamoja ya PostgreSQL) ni GB 64. Kwa kurasa za kawaida za KB 4, hizo ni kurasa 16,777,216. Kila mchakato una jedwali lake la kurasa, baiti 8 kwa kila ukurasa, kwa hiyo mchakato ukishagusa zote, jedwali lake pekee ni MB 128. Miunganisho 300 ikifika huko unazungumzia zaidi ya GB 37 za majedwali matupu, hakuna hata safu moja ya data ndani yake. Kwa kurasa za MB 2 unahitaji kurasa 32,768 tu. Weka `vm.nr_hugepages` juu kidogo ya hapo, na `huge_pages = on` kwenye `postgresql.conf` ili igome kuwaka kama hazitoshi. Ukiacha `try` itarudi kwenye kurasa ndogo kimyakimya.

Halafu ili hiyo GB 64 isirundikane nodi moja, kwenye faili la huduma la systemd niliongeza:

```
NUMAPolicy=interleave
NUMAMask=all
```

Na `kernel.numa_balancing=0`. Ile huhamisha kurasa kumfuata anayezisoma. Kwa memori inayosomwa na michakato yote, ukurasa hauna mwenyewe: ukimsogelea huyu umemkimbia yule. Kwa kazi za aina nyingine iache imewashwa. Pima kwa `numastat -p postgres` kabla na baada.

Na miunganisho ile ya kufunguka na kufungika, tuliweka PgBouncer mbele, inayotunza miunganisho michache wazi na kuigawa kwa wote. Hiyo ilitakiwa kufanyika miaka mitano nyuma.

#14 mwaka_wa_tatu

Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi, nina laptopu ya thredi 8. Nataka kujifunza haya na sina seva. Pia nimejaribu kujenga keneli kwenye Ubuntu, inakatika ikisema `No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem'`.

#15 mlinzi_wa_zamu

Marahaba mdogo wangu. Hilo kosa linampata kila anayenakili `.config` ya Ubuntu. Inataja cheti ambacho wewe huna. Ondoa:

```
scripts/config --disable SYSTEM_TRUSTED_KEYS
scripts/config --disable SYSTEM_REVOCATION_KEYS
make olddefconfig
make -j$(nproc) bindeb-pkg
```

Utaona watu wanasifia `make localmodconfig`, inayotupa kila moduli ambayo haitumiki wakati huo. Inaharakisha kweli kwenye laptopu. Ila uwe umechomeka kila kifaa chako kwanza, la sivyo utawasha keneli mpya na flashi haisomi.

NUMA unaweza kuiona bila seva. QEMU, programu ya mashine pepe, inaigiza:

```
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -smp 8 -m 4G \
 -object memory-backend-ram,id=m0,size=2G \
 -object memory-backend-ram,id=m1,size=2G \
 -numa node,cpus=0-3,memdev=m0 \
 -numa node,cpus=4-7,memdev=m1 \
 -numa dist,src=0,dst=1,val=32 \
 -drive file=diski.qcow2
```

Kasi ya kweli ya kuvuka soketi hutaipata, lakini keneli iliyo ndani itaamini ina nodi mbili na itaamua mambo kwa kuamini hivyo. Ndani yake piga `numactl -H`.

#16 mwaka_wa_tatu

Kaka imekubali! Nimepata 10 na 32 kama zako. Nikabadilisha val ikawa 20, ikaonyesha 20. Kwa hiyo hata kwenye laptopu naweza kuona ule mpaka wa 30?

#17 mlinzi_wa_zamu

Unaweza. Na kwako itakuwa wazi zaidi, kwa sababu prosesa ambayo QEMU inaiigiza kwa amri ile si EPYC, kwa hiyo keneli haitapandisha mpaka hadi 32 hata ikiwa mpya. Andika skripti inayozaa michakato mifupi kama 200 mfululizo, na kila mmoja uandike namba ya kori uliyoangukia. Iendeshe na val=20, kisha val=32. Hesabu wangapi wameangukia kori 0 hadi 3 na wangapi 4 hadi 7, halafu weka hapa matokeo yote mawili. Niko zamu hadi saa 12 asubuhi.